Kashuka saa nane usiku

Asubuhi yangu ya tatu kazini, katika nyumba ya wazee nje kidogo ya mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, dada wa zamu ya usiku alikuwa akitukabidhi wazee mmoja mmoja huku koti keshalivaa. Alipofika kwa bibi wa chumba cha mwisho alisema, "She got off about two." Akafunga daftari, akatuaga, akaenda zake.

"Get off" nilikuwa naijua. Ni kushuka: kwenye basi, kwenye baiskeli, kwenye farasi kama unaye. Kwa hiyo bibi alishuka saa nane usiku. Alishuka wapi sasa? Bibi hawezi kusimama bila kushikwa huku na huku, na kitanda chake kina vizuizi ubavuni. Sikungoja chai. Nilikwenda chumbani mbio, nikamkuta kalala fofofo, mdomo wazi. Nikamtazama viwiko, nikampapasa kichwa pole pole, sikuona hata mchubuko. Nikarudi ofisini kuuliza fomu ya kuandikia mtu aliyeanguka inawekwa wapi.

"Nani kaanguka?"

"Bibi. Si mmesema kashuka saa nane?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Kumbe bibi alihangaika usiku kucha, akigeuka huku na huku, na ilipofika saa nane usingizi ukampitia. Hiyo ndiyo "got off" yao. Hakushuka popote.

Nilicheka nao, lakini jioni, nikiwa kwenye basi (ambalo nililipanda kwa "get on" na kulishuka kwa "get off" ile ninayoijua), nilijiuliza nimesoma Kiingereza gani miaka yote ile.

Nilikianza kwa dhati kidato cha kwanza, Tanga, kama wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali: darasa la saba unamaliza kwa Kiswahili, Januari inayofuata unaambiwa jiografia, hesabu na baiolojia zote zimegeuka Kiingereza. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mzuri, mwenye uadui na neno moja. Ukiandika "I got a letter", kalamu nyekundu inapita, juu yake anaandika "received". "I got to school" anaikata, anaweka "arrived". "I got a book" inakuwa "obtained". Alisema "get" ni neno la mtu mvivu wa kutafuta neno. Tukamwamini, tukaliogopa. Nimefika Uingereza nikiwa na Kiingereza kisicho na "get" hata moja, naingia jikoni nasema nimekuja "to obtain the milk", na wapishi wananitazama kama mtu aliyekwenda kuoga baharini amefunga tai.

Tena hata wanapolisema hulisikii. Watu wa kaskazini mwa Uingereza wana kawaida ya kuigeuza ile "t" ya mwisho kuwa "r" neno linalofuata likianza na irabu. "Get up" inatoka "gerrup". "Get off" ni "gerroff". "Got a" ni "gorra". Wiki ya kwanza nilikuwa naandika maneno haya kwenye kiganja ili nikayatafute kwenye kamusi nyumbani. Kamusi haikunisaidia kitu.

Mji wenyewe ndio ulionisaidia, kwa njia ambayo sikuitarajia. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nazurura York, na mitaa yake ilinichanganya: Stonegate, Micklegate, Coppergate. Nikawa natafuta malango. Hakuna lango. Mzee mmoja wa pale kazini akaniambia msemo ambao wenyeji huwatania nao wageni, kwamba York mitaa inaitwa "gate", malango yanaitwa "bar", na baa zinaitwa "pub". Akaongeza kuwa hiyo "gate" si ya Kiingereza asilia, ni ya Waskandinavia waliokuja na mashua: kwao "gata" ni njia.

Waliuteka mji huu mwaka 866, wakauita Jórvík, na mfalme wao wa mwisho hapa alifukuzwa mwaka 954. Kati ya 1976 na 1981 waakiolojia walichimba Coppergate wakakuta nyumba zao, viatu vyao vya ngozi, vitana vyao vya pembe. Mimi nililipa kiingilio cha makumbusho, nikatazama vitana, nikaona ni vitana. Kilichonishika ni kingine: hawa ndio waliowaachia Waingereza "get". Kwao ilikuwa "geta", yaani kupata, na pia kuzaa. Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake, lakini kwao aliishi kwa kujificha ndani ya maneno mengine, kama "begietan", kupata, na "forgietan", kusahau, na herufi ile ya "g" waliitamka karibu na "y" yetu. Neno lingebaki kwao peke yao, leo pengine wangesema "yet". Hiyo "g" ngumu ya "get" ni alama ya mguu wa mgeni.

Kwa kawaida lugha hukopa majina ya vitu: wageni wanaleta meza, unachukua meza na jina lake. Waingereza kwa Waskandinavia walikopa mpaka utumbo. "They", "them" na "their" zimetoka huko. "Take" imetoka huko. Mswahili hana haki ya kushangaa sana, maana sisi tunahesabu moja, mbili, tatu, nne na tano kwa Kibantu, tukifika sita na saba tunaingia Uarabuni, nane tunarudi nyumbani, tisa tunakwenda tena. Huwezi kukopa namba kutoka kwa mtu unayeonana naye mara moja kwa mwaka. Hao ni watu mlioishi nao, mkauziana, mkaoana.

Kisha mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, wakakaa juu. Nenda kayatazame maneno ya kalamu nyekundu ya mwalimu wangu: "received", "arrived", "obtained". Yote ni ya Kifaransa. Mwalimu wa Tanga, bila kujua, alikuwa anapigania upande wa mabwana dhidi ya wapishi, miaka mia tisa baada ya vita kwisha. Na sisi tunayo hiyo hiyo. Redioni Rais anawasili. Mjomba wako kutoka Muheza hawasili, anafika. Ukimwambia mama "mjomba amewasili" atakuuliza amekuja na king'ora?

Basi nikaamua kujifunza "get" upya, kama mtoto. Nilianza vibaya, kwa kutengeneza orodha: "get" ni kupata, ni kufika, ni kuelewa, ni kuleta, ni kuwa. Orodha haikwisha. Wako watu walioifanya kazi hiyo kwa mshahara. Kamusi kuu ya Oxford, ile ya majuzuu, iliigawa "run" katika maana 645 ilipoiandika upya, na mhariri wake Peter Gilliver alikaa na neno hilo moja miezi tisa. Mimba nzima. Nilipolisoma hilo nikaitupa orodha yangu.

Kuna mwingine aliyeiona "get" kama dawa. Mwingereza C. K. Ogden, mwaka 1930, alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850 kwa ajili ya sisi wageni, na humo vitenzi vilikuwa 18 tu. "Get" ilikuwemo. Hesabu yake ilikuwa safi: ya nini kumfundisha mtu "arrive", "board", "escape", "recover", kama "get" pamoja na vijineno kama "to", "on", "away" na "over" vinatosha? Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikisifia Kiingereza hicho mbele ya watu wa chuo cha Harvard mwaka 1943. Mimi ningemwalika Ogden kwenye makabidhiano yetu ya saa moja asubuhi. Maneno ni machache, sawa, lakini "off" ya kushuka na "off" ya kupitiwa na usingizi zinafanana kama pacha, na hakuna anayekwambia leo kaja nani.

Kilichonifungua macho ni sentensi moja ya dada yule yule wa usiku. Alikuwa akieleza jioni ya bibi mwingine, akasema haraka haraka: "She got up, got washed, got dressed, got her tablets, got upset, got over it." Neno moja mara sita. Nikajaribu kuisema kwa Kiswahili kimoyomoyo. Aliamka, akaogeshwa, akavishwa, akapewa dawa, akakasirika, akatulia. Vitenzi sita, hakuna kinachofanana na mwenzake, na "kupata" haimo hata mara moja!

Hapo ndipo niliacha kuitafsiri "get" kama kupata. "Get" ya Kiingereza ni kivuko. Kazi yake ni kukwambia tu kwamba mtu alikuwa ng'ambo hii, sasa yuko ile. Alikuwa mkavu, sasa kalowa: "got wet". Alikuwa nje, sasa yu ndani: "got in". Hana, sasa anacho. Haelewi, sasa anaelewa. Sisi kivuko hicho tumekijenga ndani ya kitenzi chenyewe, mkiani: kulowa na kuloweshwa, kuvunja na kuvunjika, mzee na kuzeeka. Waingereza mikia yao mingi iliwakatika zamani, wakaajiri neno moja fupi lifanye kibarua cha mikia yote.

Lakini linganisha tena zile sentensi mbili. Ya Kiswahili inakwambia bibi aliamka mwenyewe, kisha watu wakamwogesha, wakamvisha, wakampa dawa. Hasira ilikuwa yake, na utulivu ulikuwa wake. Ya Kiingereza haisemi nani alimwogesha. "Got washed" inaweza kuwa kajiosha, inaweza kuwa kaoshwa, na Mwingereza halimsumbui hilo.

Mimi lilinisumbua, na sababu ninayo. Mwezi wa nne nilikuwa nimeshaizoea "get" hadi najivunia. Kwenye faili la bibi wa chumba cha mwisho nikaandika, kama nilivyosikia wakubwa wakisema, "got washed and dressed". Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Wiki ile msimamizi alikuwa anapitia mafaili kupanga kila mzee atahitaji watu wangapi asubuhi. Akasoma langu, akaelewa kwamba bibi siku hizi anajiosha na kuvaa mwenyewe, akampunguzia mtu: badala ya wawili, mmoja. Asubuhi iliyofuata mwenzangu akajikuta peke yake na bibi aliyelegea mikononi mwake, na kengele ya kuita msaada iko mbali. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Niliitwa. Msimamizi hakunipigia kelele, alinigeuzia tu faili nisome mwandiko wangu mwenyewe, na wala sikuwa nimekosea sarufi. Mwalimu wangu wa Tanga angekuwepo angenitazama kwa jicho lile.

Tangu siku hiyo naandika "washed by two staff". Wenzangu wanasema Kiingereza changu kwenye mafaili ni cha polisi. Sawa tu. Kwa Kiswahili kosa lile lisingewezekana. "Alivaa" na "alivishwa" haziwezi kuchanganywa hata na mtu mwenye usingizi, kitenzi chenyewe kinakudai useme mkono wa nani ulishika nguo.

Nilikuwa naringa hivyo kwa muda, mpaka siku nilipompigia mama simu.

"Mwanangu, umenipata?"

"Nimekupata mama, shikamoo."

"Marahaba. Umesikia? Basi la kwenda Lushoto limepata ajali."

Tukazungumza, nani alikuwemo, nani kanusurika. Nilipokata simu ile sentensi ikanirudia. Basi limepata ajali. Kama vile limepata zawadi. Dereva hayumo kwenye sentensi, mwendo haumo, tairi lililokwisha halimo, mwenye basi ndiyo kabisa. Lipo basi, ipo ajali, vimekutana njiani kwa bahati. Nikaanza kuzikumbuka nyingine. Binti wa fulani kapata mimba: peke yake, kama mtu anavyopata mafua. Fulani kapata hasara, na pesa za chama zilikuwa mikononi mwake. Na pale Kigamboni kila mtu "kajenga" bila kushika tofali. Kumbe na sisi tunalo neno la kufichia mkono, ila letu tunalitumia pale ambapo kuna mtu wa kulaumiwa. Waingereza wanaficha aliyemvisha bibi nguo kwa sababu hawajali. Sisi tunamficha dereva, na sidhani kama ni kwa kutojali.

Hapo kwenye bahati ndipo "get" na "pata" zinapokaa meza moja. "Nimekupata" ya mama kwenye simu ndiyo "I get you" yao. Kupatana kwetu, kwa maana ya kuelewana na mtu, wao wanaita "get along", na hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini "pata" yetu ina kamari ndani yake. Tunayo patashika, tunayo pata potea, yale makaratasi matatu ya kituo cha mabasi yaliyomla kaka yangu nauli yote ya kurudi shule. Ukimwambia mtu "leo umepatikana", hujamwambia habari njema.

Nyingine zimegoma kabisa kuvuka. Kwenye vyumba vya wazee kadi zimejaa "Get well soon". Sisi hatumwamrishi mgonjwa apone, tena upesi. Tunamwambia ugua pole: uugue, lakini taratibu, usiumie sana. Nilimweleza hivyo babu mmoja mwenye mguu uliovunjika, akafikiri, akasema hiyo ya kwenu ni ya kweli zaidi, maana hana pa kukimbilia. Na ukimsimulia jambo la ajabu anasema "Get away!" Mara ya kwanza nilisimama niondoke. Maana yake ni "acha bwana!", na ukiondoka ananuna, kwa sababu anataka uendelee kusimulia.

Iliyokaa nami zaidi ni "forget". Lile "get" la ndani ni lile lile la kale, la kushika na kupata, na kile kipande cha mbele, "for", kinalipeleka upande mbaya. Kusahau kwao kulianza kama kushika kukaharibika, kitu kukuponyoka. Kwetu sahau ni ya Kiarabu, imekuja imefungwa, huoni ndani. Lakini ukikaa na watu wenye ugonjwa wa kusahau unauona ule mkono unaoponyokwa, kwa macho kabisa. Bibi wa chumba cha mwisho, neno likimpotea, alikuwa anafumba na kufumbua vidole juu ya blanketi. "I can't get it," anasema. "I can't get it, love." Hapa kila mtu anaitwa "love", hata na dereva wa basi. Unamsubiri. Wakati mwingine linakuja, wakati mwingine anakuomba chai, mnaachana nalo.

Bibi huyo ana binti anayeishi mbali, ng'ambo ya bahari. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, alimwandikia mama yake barua. Si ujumbe wa simu, barua hasa, kurasa nne za mkono. Ilifika Jumanne. Nilimfungulia, nikamuuliza kama anataka nimsomee, akakataa kwa kichwa, akataka kuishika mwenyewe. Aliishika mchana kutwa. Niliporudi na chai ya saa kumi alikuwa bado ameikazia macho, ameishika juu chini. Sikuigeuza. Usiku nilimsomea hata hivyo, taratibu, na alinisikiliza kama unavyosikiliza mvua.

Siku iliyofuata simu ikalia, nikapokea mimi.

"Did she get my letter?"

Nilijua ananiuliza nini, na nilijua pia kwamba anauliza mawili kwa pamoja, hata kama mwenyewe hakuyatenga. Kwa Kiswahili ningelazimika kuchagua. Barua imemfikia, hilo ni kweli. Ameielewa, hilo siwezi kuliapia. Na kimya kidogo tu kati ya hayo mawili kingemjibu.

"Yes," nikasema. "She got it."

"Oh, good," akasema, akapumua, akaniuliza hali ya hewa ya York.